Barua Si Wimbo, Wala Wimbo Si Sheria

Yako maneno yanayosemwa sana katika vijiji vyetu vya Mpanda, kwamba mwenye imani huisoma Biblia kama ilivyoandikwa, wala haulizi aliyeandika ni nani, alimwandikia nani, na kwa namna gani. Kuuliza hivyo, wasema, ni elimu ya watu waliopoa. Sisi twasema kutouliza ni uvivu uliovikwa kanzu ya imani.

Kwanza, hao wasiotaka kufasiri wanakisoma kitabu kilichokwisha kufasiriwa. Biblia ya Dkt. Karl Roehl, ya mwaka 1937, iliepa maneno mengi yenye asili ya Kiarabu ikachagua ya Kibantu. Ile ya Union, ya mwaka 1952, haikufuata njia hiyo. Ipi ndiyo "kama ilivyoandikwa"? Musa hakunena Kiswahili.

Tena wazee wetu, Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, wasiojua hata herufi moja, walipambanua barazani ngano ni ipi na habari ni ipi. Mtoto aliyesimuliwa jinsi sungura alivyomshinda tembo hakutoka kwenda kumtafuta sungura yule. Mbona tukifungua Kitabu twaiacha akili ile mlangoni? Mfalme Daudi naye aliteleza hapo: nabii Nathani alipomsimulia tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, Daudi alidhani ni shauri la kweli, akatoa hukumu ya kifo, asijue kwamba tajiri ndiye yeye.

Wala si jambo la kuchezea. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wamo na watoto wengi, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Siku arobaini za Bwana jangwani hazikuandikwa ziwe kipimo cha tumbo la mtu ye yote. Mathayo aliwaandikia watu walioijua miaka arobaini ya Israeli, nao waliposikia hesabu ile walikumbuka.

Twajua watakalojibu: "Kesho hata ufufuo mtauita mfano." Sivyo. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, ataja mashahidi na kusema wengi wao wangali hai. Msimulizi wa ngano hatoi mashahidi wa kuulizwa. Kwa sababu hiyo hiyo hatumfuati Mfaransa Roland Barthes, aliyeandika mwaka 1967 juu ya kifo cha mwandishi, hata maana ikawa mali ya msomaji. Mhubiri asiyekubali kuulizwa angefurahi sana kusikia hayo.

Basi mwalimu wa dini atakayesoma Jumapili ijayo na awaambie watu kwanza kama asomayo ni wimbo, au barua, au sheria. Na asipojua, aulize kabla ya kusimama.