Bahasha ya Kaki Haitoshi

Ndugu msomaji, ukisimama Maili Moja mjini Kibaha asubuhi ya Jumatatu, hutakosa kumwona kijana aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri, amekumbatia bahasha ya kaki, akingoja basi la kwenda Dar es Salaam. Ukienda Kisarawe utamkuta mwenzake akiteremka kwa njia ya Pugu. Ndani ya bahasha mna barua ya maombi na nakala za vyeti. Jioni wote wawili watarudi, nauli imekwisha, na bahasha zimebaki mikononi mwa walinzi wa malango.

Nyumbani swali ni lile lile: “Umepata?” Na jibu ni lile lile: “Wamesema watanipigia.” Usiku baba akimkuta ameinamia simu, humgombeza: “Hiyo simu ndiyo itakayokuajiri?” Leo twataka kumjibu baba huyo kwa heshima. Simu haiajiri mtu. Lakini ikitumiwa kama chombo cha kazi, yaweza kumfikisha kijana mahali ambapo bahasha haifiki.

Kuna baraza mtandaoni lililowekwa mahsusi kwa mambo ya kazi na biashara, liitwalo LinkedIn. Lilifunguliwa huko Marekani mwezi Mei, 2003, likanunuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2016, na mwaka 2023 lilitangaza kuwa wanachama wake wamezidi bilioni moja. Kujiunga hakuna malipo; gharama ni bando na subira. Mtu huandika humo elimu yake, kazi alizofanya na ujuzi alio nao, kisha huomba kuunganishwa na watu anaofahamiana nao.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tusifichane: kazi nyingi hupatikana kwa kujuana. Tunalaani kujuana, na ni haki kulaani pale mjomba anapomwingiza ofisini mpwa asiye na sifa. Lakini kupeana habari na kutambuana kwa kazi njema si upendeleo. Mwaka 1973 mtaalamu wa elimu ya jamii, Mark Granovetter, alichapisha makala kueleza kuwa habari za kazi aghalabu hazitoki kwa ndugu na marafiki wa ndani, bali kwa watu tunaofahamiana nao kwa mbali. Sababu yake yaeleweka: watu wa nyumba moja hujua mambo yale yale, ilhali mtu wa mbali hujua yale ambayo ninyi hamjayasikia.

Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliofanywa katika LinkedIn yenyewe, ukihusisha watu zaidi ya milioni 20 kwa muda wa miaka 5. Ulionyesha kuwa waliowasaidia watu zaidi kupata kazi mpya ni wale wa kati na kati: si wa chanda na pete, wala si wageni kabisa.

Basi kijana ajiulize: watu wangu wa mbali ni akina nani? Ni mwalimu wa chuo, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, na mwenzake aliyemtangulia shule kwa mwaka mmoja. Kibaha ina utajiri mkubwa wa watu wa namna hiyo. Tangu Shirika la Elimu Kibaha lilipoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, wengi wamesoma hapo na kutawanyika nchi nzima.

Tuchukue mfano wa binti mwenye stashahada ya uhasibu. Akiandika, “Natafuta kazi yoyote,” hajamwambia mwajiri neno. Akiandika, “Mhasibu, nilitunza vitabu vya chama cha akiba na mikopo kwa miezi 6,” amejitambulisha. Mradi iwe kweli, kwani uongo ulioandikwa hadharani husomwa na wale waliokuwapo. Kisha asimwandikie mtu, “Nisaidie kazi.” Amwandikie hivi: “Shikamoo, mwalimu. Ulinifundisha hesabu za gharama. Nimehitimu, na naomba ushauri wako: ni ofisi za namna gani hupokea wahasibu wapya?” Ombi la kazi humwelemea mtu asiye na nafasi ya kutoa, ombi la ushauri kila muungwana aweza kulijibu.

Wenye biashara nao wana sehemu yao. Mama anayesaga unga wa muhogo Kisarawe asidhani kuwa mnunuzi wa kilo mbili atampata LinkedIn. Huyo yuko sokoni na kwenye WhatsApp. Aliyeko LinkedIn ni afisa manunuzi wa hoteli au wa kiwanda, anayetaka magunia. Huyo havutiwi na maneno matamu. Ataka kujua unatoa kiasi gani kwa wiki, kama una leseni, na kama bidhaa yako ina alama ya ubora ya TBS. Yaandike hayo, weka picha za kazi yako, na ujibu maswali siku ile ile.

Sasa tahadhari. Palipo na wenye shida hapakosi matapeli. Anayekuahidi kazi kisha akadai fedha za fomu, za vipimo au za “kufungua faili”, mkimbie. Usiweke hadharani namba yako ya kitambulisho cha Taifa wala picha za vyeti. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na huombwa kupitia mfumo wake. Hakuna ukurasa wa mtu binafsi unaoweza kukupitishia mlango wa nyuma. Na wewe uliye kazini, ukitangaza kuwa unatafuta kwingine, kumbuka kuwa bosi wako naye anasoma.

Wala tusidanganyane kuwa mtandao hujenga viwanda. Nafasi zikiwa 5 na waombaji 500, watakaokosa ni 495. Vibarua wengi bado hupatikana langoni, na bahasha ya kaki bado ina siku yake. Tunalosema ni kuwa haitoshi peke yake.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kugomba, keti na mwanao umwombe akuonyeshe alichoandika. Nauli ya safari moja isiyo na miadi yaweza kununua bando. Mpangieni saa yake, na baada ya hapo simu iwekwe kando, asaidie kazi za nyumbani.

Na wewe, ndugu mfanyakazi unayesoma haya ukiwa na ajira yako, usidhani kuwa hayakuhusu. Kuna kijana wa Kibaha au Kisarawe ambaye wewe ndiye mtu wake wa mbali: ulimsimamia mafunzo kwa miezi 2, ukaona uhodari wake, kisha mkaachana. Mistari mitatu ya ushuhuda wako, ikiwa ya kweli, yaweza kusomwa na mtu ambaye mlinzi wa lango asingemruhusu kijana huyo kumwona. Ukimkumbuka leo, mwandikie kabla Jumapili hii haijakwisha.