Kabla ya kuikabidhi mashine kazi yako, uliza bei

Najua nimepotea kidogo, na najua niliwaahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo kuna jambo limenikaa rohoni na sitaweza kuandika kuhusu kitu kingine kabla sijalimaliza.

Kampuni ninayoiandikia programu iko Marekani, mimi niko Nairobi. Kila siku jioni, kwao kukiwa asubuhi, tunakutana kwa video kwa dakika kumi na tano. Kila mtu anasema alifanya nini jana, atafanya nini leo, na ni nini kinamkwamisha. Hiyo ni mila ya ofisi zao. Wanauita mkutano wa kusimama, ingawa sijawahi kumwona mtu yeyote akiwa amesimama.

Mwezi uliopita meneja aliongeza ombi dogo mwishoni mwa mkutano. Kila mmoja wetu aandike yote anayoyajua: kwa nini sehemu hii ya msimbo imeandikwa kwa njia ya ajabu, mdudu fulani hujitokeza lini, ni faili gani usiiguse siku ya Ijumaa. Maandishi hayo yatalishwa kwa msaidizi wa akili unde ili "atusaidie". Hakuna aliyeuliza swali. Mimi mwenyewe nilisema sawa, tena kwa uchangamfu, maana mnajua napenda kuandika.

Usiku huo nilikumbuka wapanga herufi wa magazeti ya New York, watu ambao nimewacheka kwa miaka mingi.

Nilikuwa nikiwacheka kwa sababu ya mila yao moja iliyoitwa bogus, yaani kazi ya bandia. Ilikuwa hivi. Tangazo la duka kubwa linafika gazetini likiwa tayari limepangwa kwingine, linaletwa kama kalibu ya karatasi ngumu. Gazeti linamimina risasi juu ya kalibu hiyo na tangazo linachapishwa, hakuna shida. Kisha, wakati kazi imepungua, wapanga herufi wa gazeti hilo wanalichukua tangazo lile lile lililokwisha kuchapishwa na kulipanga upya, herufi kwa herufi. Wanatoa nakala, msomaji prufu anaisahihisha, makosa yanarekebishwa. Halafu kazi yote inatupwa kwenye chungu cha kuyeyushia. Wanalipwa.

Mila hiyo ilikuwepo tangu miaka ya 1870, na wenye magazeti waliichukia hadi wakaifikisha Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1953 mahakama iliamua kwamba haikuvunja sheria: kazi ilifanywa kweli, hata kama haikuwa na faida kwa yeyote. Mtu wa programu akisoma hayo anataka kulia. Sisi tumefundishwa kwamba kurudia kazi ni dhambi. Nilikuwa nikiwasimulia vijana wa ofisini kisa hicho kama mfano wa upumbavu wa vyama vya wafanyakazi.

Sasa sina hakika nani alikuwa mpumbavu.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa mafundi wa kweli. Mashine yao, Linotype, ilibuniwa na Ottmar Mergenthaler na kuanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886. Ilikuwa na vitufe 90 na chungu cha risasi iliyoyeyuka pembeni. Unabonyeza herufi, vijikalibu vya shaba vinashuka na kujipanga, risasi inamiminwa, na mstari mzima unatoka ukiwa kipande kimoja cha moto. Uanagenzi ulichukua miaka sita. Fundi alisoma maandishi yakiwa yamepinduliwa kama kwenye kioo, tena haraka kuliko mimi ninavyosoma skrini hii. Karakana ilikuwa na kelele za kupasua masikio, na viziwi wengi walipata ajira humo; kwenye gazeti la Washington Post walikuwa kundi kubwa, wakizungumza kwa ishara kupita juu ya kelele zilizowashinda wenye masikio. Tawi la chama ndani ya karakana liliitwa kanisa. Hilo kanisa ndilo lililotunza mila zote, bogus ikiwemo.

Niruhusuni kidogo niongee kama mpenda vitufe. Vitufe vya Linotype vilipangwa kwa kufuata wingi wa herufi katika Kiingereza. Safu ya kwanza ilikuwa e, t, a, o, i, n na ya pili s, h, r, d, l, u. Fundi akikosea katikati ya mstari hakuweza kurudi nyuma, kwa hivyo alipitisha kidole kwenye safu hizo mbili ili mstari ujae, autoe, kisha autupe. Mara nyingine alisahau kuutupa, na asubuhi watu wa New York walikuta "etaoin shrdlu" katikati ya habari za siasa. Yaani mdudu aliyefika kwa mteja! (Kama Mergenthaler angetengeneza mashine yake kwa Kiswahili, bila shaka kitufe cha kwanza kingekuwa a.)

Turudi kwenye hoja. Wenye magazeti walitaka kutumia utepe wenye matundu. Utepe unatobolewa kwingine, unaingizwa kwenye mashine, nayo inapanga herufi bila fundi kugusa kitufe. Baadaye tarakilishi zikaja kuutoboa utepe huo. Wapanga herufi waliona mapema yaliyokuwa yakija. Tarehe 8 Desemba 1962 chama chao cha New York, Local 6, kikiongozwa na Bertram Powers, kiligoma. Waligomea magazeti manne, na mengine matano yakajifunga yenyewe kwa mshikamano wa wenye mali. Mgomo ulidumu siku 114, na kwa sehemu kubwa ya muda huo jiji lile lilikaa bila magazeti yake makubwa. Walipata nyongeza ya mishahara na wiki ya kazi ya saa 35.

Gharama ilikuwa kubwa, na sitaificha. New York Mirror lilikufa Oktoba mwaka uo huo wa 1963. Kufikia 1967, kati ya magazeti makubwa saba ya jiji yalikuwa yamebaki matatu tu: Times, Daily News na Post. Wako wanaosema Powers ndiye aliyeyaua. Mimi naona runinga ingeyala hata bila yeye, lakini siwezi kusema mgomo haukuharakisha mambo. Mtu aliyekaa miezi minne bila gazeti anagundua kwamba anaweza kuishi bila gazeti.

Kilichonibadilisha mawazo ni kilichofuata. Mwaka 1974 chama hicho hicho kilitia saini mkataba na Times na Daily News. Wenye magazeti waliruhusiwa kuleta mashine yoyote waliyotaka. Badala yake, wapanga herufi waliokuwa kazini walihakikishiwa ajira maisha yao yote ya kazi. Hakuna angefukuzwa kwa sababu ya tarakilishi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Julai 1978, Times lilichapishwa kwa risasi kwa mara ya mwisho. Kuna filamu ya usiku huo iitwayo Farewell, Etaoin Shrdlu, na nawashauri muitafute. Utawaona wazee wakitoa mistari yao ya mwisho, halafu utawaona wamehamia kwenye chumba cheupe chenye vitufe vya plastiki, wakijifunza kukata karatasi na kubandika. Wana huzuni, hilo halifichiki. Lakini bado wana mshahara.

Ufundi wao ulikufa, lakini waliuuza kabla haujafa. Na waliweza kuuuza kwa sababu kwa miaka mia moja walikuwa wakishikilia mila zinazochekesha. Bogus, ukiitazama vizuri, ilikuwa njia yao ya kusema: mkituletea kazi iliyofanywa kwingine, faida yake hamtaila peke yenu. Ilikuwa njia mbovu, inayopoteza risasi na saa za watu, lakini ilifanya swali la mgao lisisahaulike.

Sasa njooni kwetu. Mwezi Machi 2022 wahandisi wa programu wa hilo hilo New York Times walipiga kura ya kuwa na chama: 404 waliunga mkono, 88 walipinga. Tarehe 4 Novemba 2024, siku moja kabla ya uchaguzi wa rais, waligoma, chama chenye watu takriban 600. Waliwaomba wasomaji wasicheze michezo ya gazeti hilo, Wordle na mingineyo, wala wasifungue programu yake ya mapishi. Hata wakatengeneza michezo yao wenyewe ya mgomo, jambo ambalo ni wahandisi tu wangelifanya. Uchaguzi ukafika. Tovuti ilisimama imara, matokeo yakasomwa duniani kote, na baada ya wiki moja walirudi kazini mkataba ukiwa bado. Makubaliano yalipatikana Desemba.

Nilipofuatilia habari hizo sikujua nifurahi au nihuzunike. Tovuti haikuanguka kwa sababu waliijenga vizuri! Mpanga herufi akiondoka saa mbili usiku, asubuhi hakuna gazeti. Mhandisi akiondoka, kazi yake ya mwaka jana inaendelea kufanya kazi bila yeye. Sisi tumekwisha kuutoboa utepe wetu wenyewe, tena kwa fahari, na tunapandishwa cheo kwa kuutoboa vizuri. Kwa hivyo mtu wa programu ana nguvu kabla ya kukabidhi kitu, si baada yake. Kikiwa ndani ya seva ya mwajiri, mazungumzo yamekwisha.

Najua mtaniambia: wewe uko Nairobi, huna chama, mkataba wako ni wa mwezi kwa mwezi, utagoma na nani? Ni kweli. Rafiki yangu mmoja tunayefanya kazi pamoja aliniambia, "Bro, wakitaka watapata mwingine kesho." Nilimjibu kwamba hata huyo mwingine wa kesho hajui ni faili gani isiguswe siku ya Ijumaa. Hicho ndicho walichotuomba tuandike. Wangekuwa wanakijua, au wangekuwa wanaweza kukipata kwa mtu wa kesho, wasingetuomba.

Sipendekezi turudishe bogus. Tunayo ya kutosha tayari. Nusu ya ripoti ninazojaza kila wiki zinakwenda moja kwa moja kwenye chungu cha kuyeyushia. Wala sisemi tukatae akili unde, mimi mwenyewe naitumia kila siku na makala haya imenikagulia herufi. Nasema tu kwamba wale wazee waliokuwa wakisoma maandishi kinyumenyume waliuliza bei, na sisi wenye digrii tulisema sawa.

Basi Jumatatu, baada ya kila mtu kusema alifanya nini jana, nilifungua kipaza sauti nikasema kinachonikwamisha. Nilisema nitayaandika yote wanayoyataka, ila kwanza tuongeze kipengele kwenye mkataba: notisi ya miezi sita badala ya siku thelathini. Wenzangu wawili wa Nairobi na mmoja wa Kampala walisema nao wanataka hivyo hivyo. Kukawa kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

Meneja alisema atawauliza wakubwa. Leo ni Alhamisi, bado hajajibu, na ile hati ya kuandikia maarifa yangu iko wazi hapa kwenye skrini. Ina kichwa cha habari tu.