Kompyuta Ikikataa Kufunguka

Zamani hesabu za chama cha ushirika ziliandikwa katika daftari. Daftari lilifungiwa kabatini. Siku hizi vyama vingi huweka hesabu katika kompyuta. Ufunguo wake ni neno la siri. Maneno hayo yalianza kutumika miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani. Watu wengi walitumia mashine moja, na kila mtu alitaka kulinda kazi yake.

Fikirini chama cha wakulima kilichoko Kimamba, wilaya ya Kilosa. Ni siku ya malipo. Karani anaandika neno la siri, kompyuta inakataa. Wakulima wamekaa nje wanangoja. Mfanye nini?

Kwanza, msiharakishe. Tazameni kitufe cha herufi kubwa. Kama kimewashwa, hata neno sahihi litakataliwa. Tazameni pia jina la mtumiaji. Je, ni la karani au la mtu mwingine?

Pili, ulizeni kama kuna msimamizi mwingine wa kompyuta hiyo. Huyo ataingia kwa neno lake, kisha atamwekea karani neno jipya. Kama akaunti ni ya intaneti, chagueni mahali pa waliosahau neno la siri. Mtatumiwa tarakimu kwa simu. Zitafika tu kama laini ile bado ni yenu. Msimtajie tarakimu hizo mtu yeyote anayepiga simu.

Tatu, kompyuta nyingine huomba ufunguo wa tarakimu 48. Habari zilizomo zimefungwa ili mwizi asizisome. Bila ufunguo huo, hata fundi hodari hataweza kuzisoma. Fundi akisema atafuta kila kitu na kuanza upya, kompyuta itafunguka, lakini hesabu zitapotea. Mwulizeni kwanza: "Hesabu zetu zitabaki?"

Basi jiandaeni mapema. Wasimamizi wawe wawili. Tarakimu 48 ziandikwe katika karatasi na kufungiwa kabatini. Nakala ya hesabu itolewe kila wiki na kuwekwa mahali pengine. Karani akihama, akabidhi neno la siri pamoja na funguo za ofisi. Anayempokea alibadilishe siku hiyo hiyo. Hesabu ni za wanachama wote. Ufunguo wake usikae kichwani mwa mtu mmoja.

Jadilianeni: karani wenu akiugua kesho, nani atafungua kompyuta?