Jeki Pekee Haitoshi Kukulinda

Ikiwa gari lako ni la zamani, na kila unapokata kona kali pale Kenol kuelekea Murang'a gurudumu la mbele hulia 'ka-ka-ka', huenda sivi jointi imelika. Mpira unaoifunika ukishapasuka, grisi humwagika, vumbi na maji huingia, na chuma huanza kusaga chuma.

Kwa vile maisha yamepanda, wengi huamua kununua spea na kubadilisha shafti wenyewe uani. Sipingi uamuzi huo. Kazi yenyewe haimshindi mtu mwenye spana nzuri na subira. Ninachopinga ni desturi ya kulala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee, au kuegemezwa kwa mawe.

Gari dogo kama Toyota Corolla ya miaka ya 1990 lina uzito wa takriban tani moja. Jeki imeundwa kuinua, si kushikilia. Mpira wa ndani ya jeki ya mafuta ukivuja, gari hushuka bila hodi. Udongo wetu mwekundu ukilowa mvua, jeki huzama na kuinama. Tofali la saruji nalo hupasuka ghafla.

Kazi ya shafti ina hatari zaidi kuliko kubadilisha oili kwa sababu ni ya kuvuta na kusukuma. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu hukazwa kwa nguvu nyingi, na shafti hung'olewa kwenye giaboksi kwa mtaimbo. Kila unapovuta, gari lote hutikisika juu yako.

Kifua kikibanwa, mapafu hayawezi kutanuka, na mtu hawezi hata kupiga mayowe. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hivi huanza kudhurika. Je, ni ambulensi gani itakayotoka Thika au Murang'a na kukufikia kwa muda huo?

Kwa hivyo, msomaji, spea ya kwanza kununua ni stendi mbili za chuma. Egesha gari mahali tambarare na pagumu, ukaze breki ya mkono na kuzuia magurudumu ya nyuma. Legeza ile nati magurudumu yakiwa bado chini. Weka stendi mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, kisha ulitikise kabla ya kuingia chini yake. Mtu mzima awe karibu, na watoto wakae mbali.

Vaa miwani ya kukinga macho unapogonga kwa nyundo. Usipulize vumbi la breki, kwani breki za zamani huenda zina asbesto, ambayo husababisha saratani. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamlazimu mwenye gereji kuwakinga wafanyakazi wake. Lakini uani kwako hakuna mkaguzi atakayebisha. Mkaguzi ni wewe.

Ikiwa bei ya stendi imekushinda, mpelekee gari fundi mwenye shimo au lifti, umlipe jasho lake. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Katika jambo hili, wanaolipa ni mjane na mayatima.