Mafahali wawili, diski moja?

Nimechoka na ushauri huu: "Gawa tu diski yako, Windows huku, Linux kule, mambo yaishe." Hayaishi! Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta kuukuu ambazo Windows 11 inazikataa wanakimbilia Linux huku wakiibakiza Windows kwa kazi fulani fulani. Na kila fundi anawaambia yale yale. Kwani methali ya mafahali wawili na zizi moja tulifundishwa ya nini?

Diski moja ikifa, mifumo yote miwili imekufa. Ukikosea kipande wakati wa kugawa, picha na kazi za miaka zimekwenda. Mtasema mtu aweke nakala kwanza. Haya, wangapi mtaani kwenu wanazo?

Nunua diski ya pili. SSD ya GB 120 inaitosha Linux. Laptopu nyingi za zamani zina nafasi ya DVD, na ni nani bado anatumia DVD?

Lakini hapa hata wajuzi hujidanganya. Kila diski lazima iwe na sehemu yake ya EFI, ile ndogo ambayo kompyuta huisoma kwanza ikiwashwa. Ubiquity, programu ya zamani ya kusakinisha Ubuntu, ilikuwa na hitilafu ya ajabu: unaielekeza diski ya pili, yenyewe inaitia GRUB kwenye EFI ya diski ya kwanza. Siku unaitoa diski ya Windows, Linux haiwaki. Hizo ni diski mbili za jina tu. Kwa hiyo ichomoe diski ya Windows kabla ya kusakinisha Linux, kisha irudishe. Ukiwasha, chagua mfumo kwa F12 kwenye Dell na ThinkPad, au F9 kwenye HP.

Najua mtanitupia Agosti 2024, sasisho la Windows lilipoizuia Linux ya watu kuwaka. Kweli, na halikujali Linux iko diski gani, kwa sababu lilibadilisha orodha ya Secure Boot iliyo kwenye ubao mama. Basi ilaumuni Secure Boot. Hiyo si hoja ya kubaki na diski moja.

Na saa ikiruka masaa matatu kila ukihama mfumo, diski haihusiki: Windows huichukulia saa ya ubao kuwa ya Nairobi, Linux huichukulia kuwa ya Greenwich. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1.