Tumbo la Muchimbaji



Kuna shida moja ambayo wanaume wengi wanaificha juu ya haya: kufunga choo. Muntu anaenda kazini asubuhi sana, kutwa nzima iko joto na maji ni kidogo, magaribi anakula bukari nyeupe na kisamaki. Siku tatu, ine, hajaenda choo. Anajikaza, anapata bawasiri, vile vinyama vinavyotoka nyuma, kisha anaanza kununua vidonge sokoni.

Sehemu kubwa ya shida iko katika unga. Mashini ikiondoa ganda la mahindi, inaondoa nyuzinyuzi, ni kusema ile sehemu ya chakula ambayo tumbo halisagi, lakini ndiyo inashika maji na kulainisha choo. Munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji Uganda tangu 1946 mpaka miaka ya 1960, aliona kwamba watu wa vijijini, wenye kula vyakula visivyokobolewa, hawakupata sana magonjwa ya matumbo yaliyojaa Uingereza. Wazee wetu hawakukuwa wajinga.

Mwaka 2023 OMS ilishauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyoiva kinatoa zaidi ya gramu 10. Lengalenga, matembele, sombe na mapera vinaongeza.

Lakini mama, usigeuze chungu chote siku moja! Tumbo litajaa hewa, na bwana atasema: «Rudisha unga wetu.» Enda pole pole. Juma la kwanza, ongeza majani. Juma la pili, maharagi kidogo, mara mbili. Juma la tatu, changanya kikombe kimoja cha unga usiokobolewa na vitatu vya unga mweupe. Maharagi uyaloweke usiku, mwaga yale maji, kisha uyachemshe mpaka yaive kabisa. Tumbo likilalamika, simama hapo siku chache mbele ya kuendelea.

Nawe baba, beba chupa ya maji safi kazini. Nyuzinyuzi bila maji zinaweza kuzidisha kufunga.

Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, ao tumbo likivimba na maumivu makali na kutapika, hapo si shida ya unga tena. Enda kwa munganga siku ileile, na umwambie yote bila haya.