Masizi ya Injini ni Ushahidi, Si Uchafu Tu

Tangu enzi za misafara, Tabora imekuwa mahali pa kutua mizigo na kutengeneza kilichoharibika njiani. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji walipumzika hapo. Reli ikafika mwaka 1912, na kufikia Kigoma mwaka 1914. Na leo malori, mabasi na pikipiki hupita katika mji uo huo. Si ajabu basi kwamba chini ya miembe na nyuma ya nyumba nyingi huonekana injini iliyofunguliwa, na kando yake kijana aliyechutama akikwangua pistoni iliyogandwa na weusi.

Kazi hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa ya mikono tu. Hukabidhiwa mwanagenzi mdogo kuliko wote, pamoja na kopo la petroli na kipande cha msasa, na mwenye gari huridhika aonapo pistoni inang'aa. Hapo ndipo kosa linapoanza. Masizi yale ni ushahidi wa hali ya injini. Kuyaondoa bila kuyasoma ni sawa na kumpangusa mgonjwa jasho na kuisahau homa.

Petroli na dizeli zimeundwa hasa kwa kaboni na haidrojeni. Zikiungua katika hewa ya kutosha, kaboni huungana na oksijeni na kutoka katika hali ya gesi. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni hubaki. Hiyo hushikana na utomvu wa mafuta ya kulainisha yaliyoungua nusu, ikaganda juu ya pistoni, kwenye valvu na katika mifereji ya ringi.

Kaboni yenyewe haina uadui na binadamu. Zamani wahunzi wa Kirongo, kusini ya Ziwa Viktoria, walitumia makaa ya miti kuyanyang'anya mawe ya madini oksijeni yake na kupata chuma. Majembe yao yaliuzwa hadi katika soko la Tabora. Ndani ya tanuri kaboni ilikuwa mtumishi. Ndani ya silinda, ikikosa oksijeni ya kuungana nayo, hugeuka mzigo. Tabaka nene hupunguza nafasi, na mgandamizo huzidi kiasi. Vipande vyake hubaki vyekundu kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya cheche ya plagi, injini ikaanza kugonga. Valvu hazifungi sawasawa, na ringi hunasa.

Mwenye kujua husoma rangi kabla ya kushika brashi. Masizi makavu na laini kama ya koroboi huonyesha kwamba mafuta yamezidi au hewa imepungua, mathalani kwa sababu chujio la hewa limezibwa na vumbi. Masizi yenye majimaji ya mafuta huonyesha kwamba oili inapenya kwenye ringi au valvu zilizolika. Asiyebadili chujio wala ringi atasafisha leo, na baada ya muda atasafisha tena.

Namna ya kusafisha nayo ina makosa matatu makubwa. La kwanza ni petroli. Mvuke wake huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika mchana wa Tabora, karibu na jiko la mkaa. Mafuta ya taa ni afadhali, kwa kuwa mvuke wake huhitaji joto la takriban nyuzi 38 au zaidi. Lakini hata hayo yasiwekwe juani wala karibu na moto.

Kosa la pili ni kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Chuma cha kusubu huistahimili, ila pistoni nyingi ni za alumini. Mama anayepika maharage kwa magadi anajua jinsi sufuria ya alumini inavyogeuka nyeusi. Kostiki ni kali kuliko magadi: huila alumini, hutoa joto, na kufukuza gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka ikikutana na moto.

La tatu ni tupa, msasa na brashi ya chuma. Alumini ni laini. Hukwaruzwa, na kila mkwaruzo huwa makazi ya masizi mapya. Hakuna kimiminika cha gereji kinachoyeyusha kaboni yenyewe. Mafuta ya taa huyeyusha ule utomvu unaoishikilia. Kwa hiyo kinachohitajika ni subira: kuloweka usiku kucha mahali penye hewa, kisha kukwangua kwa kijiti cha mbao au brashi ya shaba ya manjano.

Afya nayo haina budi kutajwa. Mwaka 1775 daktari mpasuaji Percivall Pott wa London alionyesha kwamba masizi yalihusiana na saratani iliyowapata wasafishaji wa dohani, waliokuwa wameianza kazi hiyo wakiwa watoto. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutia moshi wa dizeli katika orodha ya visababishi vya saratani. Kijana anayepuliza masizi kwa mdomo na kunawa mikono kwa petroli anastahili kuambiwa hayo.

Wapo watakaosema kwamba glovu zina gharama, na kwamba mteja hataki kungoja hadi kesho. Ni kweli, lakini pistoni iliyoliwa na kostiki ina gharama kubwa zaidi, na mapafu hayauzwi dukani. Wengine watasema mwanafunzi yuko shuleni kwa ajili ya mtihani, si kwa ajili ya gereji. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora, alikwisha kuonya katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 juu ya shule inayojitenga na kazi za jamii yake.

Mwalimu wa kemia hahitaji vifaa vya ng'ambo ili kuanza. Koroboi na sahani baridi vyatosha kuonyesha masizi yanavyozaliwa. Pistoni mbovu iliyoombwa kwa fundi yatosha kuonyesha yanavyoganda. Kisha fundi mwenyewe na aalikwe darasani aeleze anachokijua, na wanafunzi wamweleze kwa nini kostiki huila pistoni. Fundi anayo miaka ya kutazama, mwanafunzi anayo milinganyo ya kemia. Wakikutana, yule mwanagenzi aliyechutama chini ya mwembe atakuwa wa kwanza kufaidika.